Paa la Kubebea Mahindi

Siku hizi mtu akiona basi jipya barabarani anadhani limezaliwa hivyo hivyo ng'ambo, na viti vyake na taa zake, kama kifaranga kinavyotoka kwenye yai. Watu hawaulizi tena vitu vinatoka wapi. Mimi niliuza mbao mjini Kitale tangu nikiwa na meno yote, na najua kwamba basi huzaliwa mara mbili. Kwanza huja injini, magurudumu na vyuma viwili virefu. Hiyo ndiyo chesisi, na huletwa kutoka kiwandani ikiwa uchi, dereva ameketi juu ya kreti ya soda, amevaa miwani ya kuzuia vumbi na wadudu, njia nzima. Mara ya pili basi lilizaliwa hapa kwetu, mikononi mwa watu kama Jairus Walubengo.

Jairus ni mtoto wa Ndalu. Baba yake alipata kipande cha ardhi katika skimu ya makazi, akapanda mahindi na kuzaa watoto wengi, na Jairus alipofika darasa la saba akaambiwa wazi kwamba karo imekwisha na jembe liko mlangoni. Hakulichukua jembe. Alikuja Kitale akapiga hodi kwenye karakana ya Kalasinga mmoja mzee, Mhindi wa kilemba, aliyejenga bodi za mabasi na malori. Kalasinga alimpa ufagio. Baadaye alimpa nyundo. Alipomwona hachoki wala haibi misumari, akampa paa, na mtu aliyepewa paa pale ndiye aliyeitwa fundi. Wengine wote walikuwa wasaidizi, hata wakiwa na ndevu.

Wakati huo mbavu za basi zilikuwa za mvule, mbao nilizozileta mimi kutoka upande wa Mlima Elgon. Zilifungwa kwa boliti, kisha mabati yakapigwa ribiti juu yake. Kalasinga alikuwa na neno moja alilolirudia hadi watu wakaliota: "Basi ya huku ni punda, Jairus. Punda ni mgongo." Aliijua Oktoba ya Trans-Nzoia. Mahindi yakikauka, basi la abiria haliwi tena la abiria tu. Magunia hupanda juu, mitungi ya maziwa hupanda juu, kuku, kitanda cha bibi harusi, na juu ya hayo yote kijana wa kufunga kamba. Kwa hiyo kila basi lililotoka Kitale lilikuwa na mihimili miwili mizito iliyolala darini kutoka mbele hadi nyuma. Haikuandikwa popote. Fundi aliiweka kama mama anavyotia chumvi kwenye mboga, bila kuagizwa.

Na kulikuwa na desturi nyingine. Basi likikamilika, safari yake ya kwanza ilikuwa ya waliolitengeneza. Mshonaji wa viti alipanda, mpakaji rangi alipanda, muuza mbao alipanda. Fundi mwenyewe alikaa kiti cha nyuma kabisa, kwa sababu huko ndiko kosa husikika kwanza. Kama hukuwa tayari kulipanda, hukuwa na haki ya kumpandisha mtoto wa mwenzako. Leo anayetengeneza hamjui anayepanda, wala hataki kumjua.

Kalasinga alizeeka, akamuuzia Kiptanui karakana, akaenda kwa watoto wake. Kiptanui hakuwa fundi, lakini alikuwa na kichwa cha biashara na moyo usio mbaya. Miaka yake ya kwanza, lango la karakana lililisha nusu ya mtaa. Wakata vioo walikula humo, wauza godoro za viti, maduka ya rangi, mafundi wa umeme wa gari, wachora maandishi, na akina mama wa chai na maharagwe waliopanga meko yao ukutani. Chesisi ikiingia mjini, habari zilifika dukani kwangu kabla yake. Nimesoma magazeti mengi na vitabu vilivyotupwa na wenye shule, na sijaona popote uchumi ukielezwa vizuri kuliko kelele za nyundo za pale asubuhi.

Kisha msitu ukafungwa na mvule ukawa hadithi. Tukahamia vyuma, na chuma kikapanda bei kila kilipotua bandarini. Stima ikawa inapotea katikati ya kuchomelea. Yakaja mabasi mazima kutoka ng'ambo, yenye pazia na televisheni, na mabasi yaliyochoka huko kwao yakapakwa rangi na kuuzwa kama mapya. Zikaja sheria za ubora, kila bodi iwe na mchoro wa injinia na ipite ukaguzi. Sisemi sheria ni mbaya. Nasema zilikuja pamoja na mengine yote, na aliyelemewa ni yule aliyebaki na nyundo. Mafundi walipungua hadi ukaweza kuwalisha wote kwa sufuria moja. Mama mmoja tu wa chai alibaki.

Agosti iliyopita, mfanyabiashara mmoja alikuja kutaka kiwanja cha karakana. Alitaka kuegesha hapo mabasi yake ya kuagiza na kuyauza. Kiptanui alituita langoni akasema bila kuzunguka.

"Kuna basi moja ya shule tunamaliza. Madam Judy ako na shule Bungoma na Kimilili. Hii ikipita ukaguzi Ijumaa, anatupatia ingine nne. Isipopita, Jumatatu namkabidhi huyo mtu funguo. Sitaki mtu aseme sikumwambia."

Mambo yalikuwa hayo tu. Basi moja, Ijumaa moja, na karakana nzima.

Jairus alilijenga basi lile kana kwamba analijenga kwa mfupa wake. Mchoro wa injinia ulibandikwa ukutani. Mbavu zilikuwa za bomba jembamba la chuma, na paa halikuwa na keria ya kufungia mizigo. Mkewe, Fridah, ambaye ndiye mshonaji wa viti wa karakana, alishona viti vya rangi ya bluu na kitambaa cha dari. Alipokuwa juu ya ngazi akibana kile kitambaa, aliona kitu kisichokuwa kwenye mchoro. Alikifunika kwa kitambaa. Nilikuja kujua hayo ndani ya basi lenyewe, siku ya Ijumaa, kwa sababu Jairus alikuwa amenialika kwa desturi ile ya zamani ingawa sikuwa nimetoa hata ubao mmoja.

Tulitoka Kitale asubuhi, Kiptanui akiendesha mwenyewe. Tulipita Kiminini, basi likiunguruma vizuri. Kwenye mteremko wa Kamukuywa kuna kona, na hapo nikahisi basi linaegemea kidogo kupita kiasi, kama mtu aliyebeba debe la maji kichwani na ameitwa ghafla kwa nyuma. Fridah alimgeukia mumewe pale kiti cha nyuma.

"Baba Nakhungu, umesikia?"

"Ni upepo."

"Upepo gani? Si ungemwambia Kiptanui ukweli mapema?"

"Nimwambie nini?"

"Niliziona, bana. Nilikuwa nashona dari. Ziko mbili, kutoka mbele mpaka nyuma."

Jairus alitazama dirishani. Mahindi ya pande zote mbili yalikuwa yameanza kugeuka rangi. "Oktoba haisomi mchoro," akasema. "Wazazi wa huku wanalipa karo na mahindi. Unafikiri hao watoto wataletewa chakula na nini? Siku moja gunia zitapanda hapa juu, na paa ile ya karatasi itaingia ndani. Na nani ataulizwa? Si mimi?"

"Utaulizwa leo," Fridah akamjibu. Tukaingia Bungoma, kwenye kituo cha ukaguzi.

Mkaguzi alikuwa msichana, Chepngeno, mwenye buti za kazi na sauti ya chini. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alilala chini ya basi bila kujali nguo yake, akafungua milango yote, akakaa kwenye kila kiti. Kisha akaliagiza basi lipande mizani, akatazama, akatazama mchoro, akalirudisha tena juu ya mizani na kuliinamisha upande.

"Hii gari imejengwa vizuri," akasema. "Lakini ni nzito kuliko mchoro wake. Na nikiipima kwa kuinamisha, naona uzito uko juu. Kuna nini huko juu?"

"Hakuna kitu, madam," Kiptanui akasema haraka. "Hata keria hatukuweka."

Chepngeno alipanda juu ya kiti akagonga dari kwa ngumi. Ilijibu kwa sauti nene. Akamtazama Kiptanui, na Kiptanui akatutazama sisi mmoja mmoja, uso wake ukiwa umeanza kuelewa.

"Ni mimi," Jairus akasema. "Niliongeza mihimili. Hii kampuni haikujua."

"Ya nini, mzee?"

"Ya mahindi."

Nilitarajia acheke. Hakucheka. "Mzee, ikipiga kona ikiwa mbio, huo uzito wa juu unavuta. Watoto hamsini ndani. Nani ataishika isilale?"

"Tumejenga mabasi hivi maisha yote, msichana wangu. Zimebeba watu mpaka Malaba, mpaka Lodwar."

"Na nyingi zimelala kwa mtaro. Babangu alikuwa ndani ya moja." Hakuinua sauti. "Mbavu za mchoro zinatosha. Toeni hizo mbili, mrudi. Lango linafungwa saa kumi na moja, na wiki ijayo niko kaunti ingine mpaka katikati ya Septemba."

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Nje ya lango Kiptanui alisimamisha basi, akashuka, akatembea hadi ukingo wa barabara, akarudi.

"Walubengo, umetuua. Karakana ya watu wote umeizika na mikono yako, na mimi nikakuamini."

"Hatujakufa bado. Tafuta mahali ya kuchomelea."

Tulipata kibanda cha fundi nyuma ya soko. Fridah alipanda na wembe, akafungua mshono wa dari yake pole pole ili kitambaa kisipasuke, na mihimili ikaonekana, mizuri, imenyooka, imechomelewa kila ubavu kwa mshono laini kama wa cherehani. Mwenye kibanda alipiga mluzi. "Wazee, hii ni daraja ama ni basi?"

Jairus alishika grenda ya umeme akaanza kukata. Cheche zikamwagika juu ya viti vilivyofunikwa kwa magunia. Mhimili wa kwanza ulikuwa umeachia upande wa mbele mashine ilipolia kama mgonjwa, ikanyamaza. Stima ilikuwa imepotea soko zima.

"Jenereta?" Kiptanui akapiga kelele.

"Iko ya jirani, lakini imeenda matanga," mwenye kibanda akasema. "Wanazika kesho, mzee mkubwa, na lazima kuwe na muziki. Hata mimi niko na mstari wa kazi hapa nangoja."

Jairus aliweka grenda chini. Aliomba misumeno ya chuma. Ilikuwepo mitatu. Alichukua mmoja, akalala chali juu ya migongo ya viti, akaanza kukata kwa mkono kile alichokichomelea kwa mkono. Chuma kilimdondokea machoni. Nilishika msumeno wa pili, lakini mikono yangu ni ya mbao na imezeeka, Kiptanui akaninyang'anya. Alivua shati lake jeupe, akalala kando ya Jairus. Wakakata bega kwa bega, na kwa muda mrefu hakukusikika kitu ila zile sauti mbili za chuma, moja ya fundi, imetulia, na nyingine ya mtu anayepigana.

"Usikandamize," Jairus akamwambia. "Wacha msumeno itembee."

"Usinifunze kitu leo, Walubengo."

Lakini akaacha kukandamiza.

Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi Madam Judy alipofika. Alikuwa amekuja kulichukua basi lake. Ni mwanamke mrefu wa Kimilili, alianza na darasa moja la mabati, na hapendi kusimama mahali pamoja. Alichungulia mlangoni akaona dari imening'inia na wanaume wawili wamelala juu ya viti vyake vipya.

"Kiptanui! Uliniambia gari iko tayari. Mbona iko kama kuku ya kunyonyolewa?"

"Kuna kitu kidogo tunarekebisha, madam."

"Kidogo? Nimeona mkaguzi. Ameniambia mmenijengea lori ya mahindi." Alitoa simu. "Kuna mtu Nairobi ako na basi mzima, imetoka meli juzi. Nikimpigia saa hii, kesho jioni iko shuleni. Niambieni kwa nini nisimpigie."

Kiptanui aliacha kukata. Aliyejibu alikuwa Jairus, bado amelala, macho yamejaa vumbi la chuma.

"Mama, Oktoba wazazi wako watalipa karo na nini?"

"Hiyo inaingilia wapi?"

"Nijibu tu, mama."

"Wengine pesa. Wengine mahindi."

"Yatabebwa na nini kutoka Ndalu mpaka shuleni?"

Judy aliishusha simu. "Nilikuwa nimefikiria basi," akasema. Kisha uso wake ukakaza. "Lakini nitakodi trekta. Ukiniuliza nichague kati ya gunia na mtoto, mzee, unaniuliza swali ya kijinga."

"Basi nimekosea mimi," Jairus akasema. "Dereva wako akikuambia apakie juu, mfute. Hii paa sasa haitabeba." Akarudi kukata.

Sikuwa nimewahi kumsikia Jairus akisema maneno hayo, hata kanisani. Judy aliiangalia simu. Aliirudisha mfukoni, akaketi kwenye ngazi ya basi.

"Niko hapa mpaka saa kumi na moja. Siongezi hata dakika."

Mhimili wa pili uliachia kwa kishindo, Kiptanui akaudaka kwa kifua na kuchubuka. Ilibidi kila mmoja ukatwe katikati ndio utoke mlangoni. Tulivitoa vipande vinne, tukaviweka sakafuni kwenye njia ya katikati, lakini Fridah akapiga kelele, "Mnaenda kupima gari na hizo ndani? Mmerogwa?" Tukavishusha, tukamwachia mwenye kibanda avilinde. Huo ndio wasiwasi ulivyo, hata watu wazima wanakuwa kuku.

Fridah alishona dari basi likiwa linatembea, amesimama juu ya kiti, sindano moja mkononi, nyingine ameiuma midomoni. Kiptanui aliendesha kifua wazi. Kwenye mzunguko alikata kona kwa kasi kuliko ilivyofaa, na nikajishika. Basi halikuegemea. Lilizunguka limesimama wima kama askari. Nilimtazama Jairus kiti cha nyuma. Alikuwa amelisikia pia. Aliinamisha kichwa, na sikuweza kujua kama ni aibu au ni kitu kingine.

Askari wa lango alikuwa tayari ameshika mnyororo. Judy, aliyekuwa mbele yetu kwa gari lake dogo, alishuka akasimama katikati ya lango na mikono kiunoni, na yule askari hakuwa na ujasiri wa kumfungia. Chepngeno alitoka na mkoba wake begani. Alitazama mshono wa dari uliokuwa bado unaning'iniza uzi, akatazama kifua cha Kiptanui, akatua mkoba.

"Pandeni mizani."

Walipima. Akainamisha. Akapima tena. Sisi tulisimama kando kama watu wanaongoja daktari. Kisha akatia sahihi akiwa amesimama, karatasi imelala juu ya boneti.

"Mzee," akamwambia Jairus, "ile mishono yako ya kuchomelea ilikuwa safi sana. Pole."

Karakana haikuuzwa. Kiptanui alimwambia yule mfanyabiashara atafute kiwanja kwingine, na Madam Judy aliagiza mabasi yake manne. Mama wa chai alimwita dada yake, sasa kuna meko mawili ukutani. Hayo ni mazuri na sitayaficha. Lakini mbavu za mabasi hayo zinaletwa kutoka Nairobi zikiwa zimekatwa tayari, zimebandikwa nambari, na kazi ya Jairus ni kuunganisha nambari na nambari. Kiptanui humsimamia paa. Hamkaripii, husimama tu hapo nyuma na mchoro mkononi. Na safari ya kwanza haipo tena. Mabasi hutoka langoni na dereva peke yake, kwa sababu bima haitaki wengine.

Jairus alirudi Bungoma kuchukua vile vipande vinne. Alivipeleka Ndalu, na kabla ya mvuno akajenga navyo ghala jipya nyuma ya nyumba, limeinuliwa juu ya mawe. Nilikuwa huko Oktoba siku walipoanza kulijaza mahindi. Basi la bluu lilipita barabarani na watoto, paa tupu, likafika kwenye kona ya kanisa na kuipiga bila kuyumba. Nyuma yake, mbali kidogo, ilikuja trekta ya kukodi imejaa mahindi ya karo, magunia yamefungwa ovyo. Jairus alisimama akayatazama yote mawili hadi vumbi lilipotulia.

Kisha akaupiga mhimili wa ghala kwa kiganja. Ulijibu ile sauti nene.

"Punda ni mgongo," akasema.

Fridah alimwambia asogee, gunia lingine linapanda.